Bima ya Bibi Borghild

Hegre, North Dakota
14 Septemba 1993

Shangazi Ardis mpendwa,

Sasa hivi tu Britta amempaka paka siagi. Nimegeuka kidogo kuinjika kahawa, kurudi namkuta amemkumbatia, mikono inang'aa hadi viwikoni, na paka anajilamba kama aliyealikwa harusini. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi hii ujue ni siagi.

Sisi hatujambo. Duane anasubiri alizeti zikauke ndipo wavune, na kila asubuhi anatoka kutazama anga kama vile anga lina deni lake. Mimi bado napika shuleni, asubuhi hadi saa saba. Kifua cha Britta kimetulia tangu tupate ile dawa ya kuvuta. Na ninyi huko Arizona? Goti la Vern linasemaje?

Bibi anakula vizuri, na jioni anaimba. Lakini Shangazi, kuna jambo sina budi kukuambia. Jumatatu nilirudi kutoka kazini nikakuta birika limeungua hadi chini na pazia la jikoni jeusi nusu. Bibi alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, amevaa sketi mbili na kiatu kimoja, anamsubiri Babu arudi shambani ale. Babu, ambaye tulimzika miaka kumi na minne iliyopita. Nikamwambia Babu amechelewa kidogo, nikamwingiza ndani. Sasa mimi ndiye ninayemwogesha. Vifungo nafunga mimi. Na chooni pia, mambo ya wanawake, utanielewa.

Siwezi kuacha kazi, maana bima ya matibabu ya Britta inatoka hapo shuleni. Bi Hjordis, yule jirani aliyefanya kazi hospitali, yuko tayari kukaa na Bibi kila siku mpaka nirudi, ila lazima alipwe. Sasa sikia. Nimepata mkataba kwenye kopo la biskuti: Bibi ana bima ya matunzo ya uzeeni. Alikatiwa na wakala, marehemu Palmer Tveit, mwaka themanini na sita, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, baada ya kahawa ya Jumapili, na hajakosa kuilipia. Imeandikwa kabisa kwamba italipa mtu wa kumtunza nyumbani. Tukiipata, Bibi anabaki kitandani kwake. Tukiikosa, ni nyumba ya wazee kule Devils Lake, na unajua alivyoapa kuhusu nyumba hiyo.

Shida ni kwamba Tveit amekufa na sijui nani alirithi kazi yake. Namba iliyo kwenye ile kalenda aliyogawa inaita saluni ya nywele. Nimepiga makao makuu, wakanichezea muziki dakika arobaini halafu simu ikakatika. Labda Bibi aliwahi kukutajia wakala mwingine wa karibu? Wewe ndiye mwanawe pekee aliyebaki. Baba angekuwepo ningemuuliza yeye.

Britta anakubusu, na siagi yake yote.

Marit wako

*

Mesa, Arizona
6 Oktoba 1993

Mpendwa Marit,

Barua yako ilifika. Hapa joto halijapungua, mtu hawezi kushika usukani wa gari bila glavu. Goti la Vern ni lilelile. Tumepaka sebule rangi ya krimu. Nimekuwekea gauni la Britta ndani ya kifurushi, kama ni kubwa atakua.

Kuhusu Mama. Mama siku zote alikuwa na vituko vyake. Nilipokuwa na miaka kumi aliunguza birika mara mbili kwa majira mamoja ya baridi, na alikuwa na akili timamu kuliko mchungaji. Usimhesabie kila kitu.

Wakala simjui. Na ningekushauri usiende huku na huku ukiwauliza watu. Hegre ni ndogo. Sisi hatukulelewa kuanika mambo ya ndani kwenye kamba ya nguo.

Mwambie Mama nitampigia Jumapili.

Ardis

*

Hegre
25 Oktoba 1993

Shangazi mpendwa,

Ahsante kwa gauni. Britta amelivaa siku tatu mfululizo na kulala nalo, linaburura kama la bibi harusi. Alizeti zimevunwa. Duane amerudi na kikohozi cha vumbi na furaha. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka.

Bibi alikaa karibu na simu ile Jumapili tangu kutoka kanisani. Nadhani laini zilikuwa na shida.

Shangazi, nisamehe, niliuliza watu. Niliuliza kwa utaratibu. Mke wa mchungaji alinituma kwa yule mzee wa ghala la nafaka, na mzee akasema faili zote za Tveit zilichukuliwa na mwanamke mmoja wa mji wa Lakota, LaVonne Kjelstad, anayeuza bima za mvua ya mawe, matrekta na watu. Nikamweka Britta garini, nikaenda bila kupiga simu, maana nilichoka kuchezewa muziki. Ofisi yake iko ndani ya gereji ya mumewe. Mwanamke mnene, miwani ina kamba, ameweka hita miguuni. Nilipotaja jina la Bibi alifungua kabati na kutoa faili palepale. Nilitaka kumkumbatia.

Akanieleza pole pole kama anayejua sikuendelea na masomo. Kampuni haiangalii umri wala machozi. Inaangalia mambo matano: kuoga, kuvaa, kula, kuinuka kitandani, kwenda chooni. Mzee akishindwa mawili bila msaada, wanalipa. Bibi ameshindwa matatu, nikamwambia. Akasema watamtuma muuguzi wao aje aone kwa macho, na watampigia pia mtoto wa mzee. Nimewapa namba yako. Usikasirike.

Halafu akavua miwani. Akasema, "Wewe ni Mlutheri?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nisikilize. Unajua kinachoniulia madai yangu wilaya hii? Si ugonjwa. Ni ufagio. Muuguzi anafika, anakuta nyumba inang'aa, mzee amechanwa nywele, keki mezani, na kila anachoulizwa anajibu hajambo. Anaandika hajambo. Anaondoka. Wewe mwache kama alivyo. Vyombo viache kwenye sinki. Utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Nilirudi nikiimba njia nzima. Muuguzi anakuja tarehe kumi na sita Novemba. Bi Hjordis ameshasema anaanza mara tu karatasi ikija. Wakikupigia, Shangazi, waambie tu yale niliyokuandikia.

Marit

*

Hegre
19 Novemba 1993

Shangazi mpendwa,

Sijapata barua yako, labda imepishana na hii. Huku ni nyuzi ishirini chini ya sufuri. Britta amejifunza kusema "hapana asante" na anamwambia kila mtu, hata mbwa wa jirani. Duane amepata vibarua vya kuendesha jembe la theluji la wilaya.

Muuguzi amekuja. Nitakueleza yote jinsi yalivyokuwa, kwa sababu sijamweleza mtu.

Asubuhi ile niliomba ruhusa shuleni, na nilimkuta Bibi amejilowesha. Nilijua nimwache. LaVonne aliniambia nimwache. Nikakaa jikoni na kahawa yangu, nikaangalia saa, muuguzi alikuwa afike saa nne. Bibi akatoka chumbani anashika ukuta, gauni la kulalia limemganda miguuni, nywele zote upande mmoja, akaniuliza, "Kuna mgeni leo?" Nikasema yuko njiani. Akajitazama. Shangazi, alijitazama chini mpaka miguuni, akasema taratibu, "Siwezi kuonwa hivi."

Nilimwogesha. Nikamvisha lile gauni la bluu na pini ya fedha ya mama yake. Nikafunga vifungo vyote kumi na moja. Na nikishaanza hivyo mkono haukusimama: nikaosha vyombo, nikapiga deki, nikatoa chapati za viazi na siagi na sukari. Nilikuwa natandika kitambaa cha mezani gari lilipoingia.

Bibi alimpokea mlangoni mwenyewe. Muuguzi ni msichana mdogo, wa Fargo, mpole, viatu vyake havifai kwa theluji. Bibi akamwambia, "Mwanangu, mama yako amekuruhusu utoke na viatu hivyo?" Wakacheka. Siku zote Bibi akiona mgeni ni kama mtu amewasha taa ndani yake, unakumbuka. Inadumu kama saa moja.

Akaulizwa anaendeleaje. "Siwezi kulalamika." Anaoga mwenyewe? "Tangu mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tano." Nani amemfunga vifungo hivi vizuri? Bibi akainua mikono yake. "Nani mwingine? Hii hapa." Mimi nikasema, Bibi, si leo tumefunga pamoja? Akaniangalia mbele ya mgeni kwa jicho lile. Nikamwongezea mgeni kahawa. Muuguzi akauliza kuhusu choo. Bibi akasogeza sahani mbele yake akasema, "Hayo hayaulizwi mezani. Chukua chapati nyingine." Na mgeni akachukua.

Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye gari bila koti. Nilikuwa na maneno yote. Nilitaka kumwambia ungekuja saa tatu. Akashusha kioo, akaniuliza kama kuna jambo. Nikageuka, nikamwona Bibi dirishani anapunga mkono, amenyooka, amependeza. Nikamwambia muuguzi barabara ina barafu pale darajani, aende polepole.

Alipopotea machoni Bibi aliuliza mara mbili yule msichana alikuwa nani. Halafu akalia, hakujua kwa nini.

Kwa hiyo sasa tegemeo langu ni wewe. Walikupigia?

Marit

*

Mesa
8 Desemba 1993

Mpendwa Marit,

Tunawatakia Krismasi njema. Nimetuma kasha la machungwa, lifungueni mara moja yasioze. Vern ameanza kutembea na fimbo ila hataki ionekane kwenye picha, ndiyo maana amesimama nyuma ya kiti.

Usijilaumu. Ulifanya kama alivyofundishwa kila msichana wa nyumba ile, na mimi ningefanya vilevile. Mama yako angejivunia, Mungu amrehemu.

Simu, ndiyo, kuna mtu alipiga siku moja. Sauti ya televisheni ilikuwa juu na sikukaa naye sana. Sina hakika alikuwa wa kampuni gani. Mambo haya ya bima wanayaamua wenyewe huko huko, sisi tunachosema hakina uzito.

Mbusu Mama.

Ardis

*

Hegre
11 Januari 1994

Shangazi Ardis,

Britta hajambo. Duane hajambo. Machungwa yalifika salama, ahsante.

Wamekataa. Barua ilikuja baada ya mwaka mpya. LaVonne aliomba ripoti nzima, akaniletea mwenyewe kwenye theluji, maili ishirini na sita. Aliiweka mezani akasema, "Ukurasa wa tatu uusome ukiwa umekaa."

Nilikuwa nimejiandaa kujisoma mimi. Vifungo, kitambaa cha mezani, chapati, vyote vimo, na ni haki yangu. Miezi miwili nimekuwa nikipika shuleni nikiviona vile vifungo kwenye kila sufuria. Lakini ukurasa wa tatu si mimi. Nanukuu, maana nimeshaukariri: "Binti wa mteja, kwa simu, dakika kumi na mbili. Anasema mama yake anajifanyia kila kitu. Anasema mpwa wake ni mdogo, amechoka, hutia chumvi, na anaishi katika nyumba ya mteja bila kulipa pango."

Dakika kumi na mbili, Shangazi. Televisheni ilikuwa juu sana.

LaVonne anasema kwa kosa langu peke yake muuguzi angeweza kurudi kutazama tena, watu wanafua na kufagia kila mahali na wao wanalijua hilo. Lililofunga mlango ni maneno ya mtoto wa kuzaa. Anasema pia mlango unafunguliwa na aliyeufunga. Kuna rufaa, siku sitini, mwisho ni tarehe nne Machi. Inahitaji barua yako tu, kwamba ulisema usiyoyaona. Ameichapa tayari, ni aya mbili, hakuna neno baya juu yako. Imo humu. Utie sahihi mahali penye alama ya penseli. Bahasha ina stempu.

Daktari ameshaandika yake. Bi Hjordis amesema atangoja mpaka Machi, baada ya hapo ameitwa na familia nyingine. Kwa sasa mke wa mchungaji anakaa na Bibi, lakini naye amechoka, hasemi ila naona. Nimeambiwa Devils Lake wana kitanda kitakachofunguka mwezi wa tatu, na ukikataa unarudi mwisho wa foleni.

Sikuulizi kwa nini. Sahihi tu.

Marit

*

Mesa
22 Februari 1994

Mpendwa Marit,

Nimeanza barua hii mara nne. Kumekuwa na mvua, jambo la ajabu hapa, mchanga wote umegeuka kijani kwa wiki moja.

Hilo la pango sikulisema jinsi walivyoliandika. Yule msichana wa kwenye simu aliniuliza nani anaishi na Mama, nikajibu. Mtu ukiulizwa maswali haraka haraka unajibu.

Nitakuambia jambo moja halafu tusilirudie. Baba alipougua nilikuwa huku, mjamzito wa yule mtoto niliyempoteza. Kila Jumapili nilipiga simu, na kila Jumapili Mama alisema, "Baba yako hajambo, yuko zizini." Alikuwa amelala chumba cha pili, hawezi hata kumeza. Nilifika kwenye mazishi. Nikamuuliza Mama kwa nini, akaniambia asingeweza kunisumbua na mambo hayo. Basi. Msichana wa kampuni aliponiuliza Mama anaendeleaje, kinywa changu kikasema hajambo. Hicho ndicho kinachosemwa kwenye simu katika familia yetu. Nilimsikia yeye akisema ndani yangu.

Ile barua ya rufaa ninayo hapa mezani, chini ya bakuli la matunda. Naiona nikinywa kahawa. Imeandikwa kwamba Mama hajui tena kuvaa wala kwenda chooni, na pale chini ni jina langu. Marit, mimi sijamwona hivyo. Siku nitakayoweka jina langu pale ndiyo siku itakapokuwa kweli.

Nipe muda kidogo.

Ardis

*

Hegre
8 Machi 1994

Shangazi mpendwa,

Britta ameiba. Nimeshona wiki nzima vile vitambaa vya jina wanavyotaka kule Devils Lake kwenye kila nguo ya Bibi, B. Aasen, B. Aasen, hata kwenye soksi, na sasa hivi nimemkuta amejibandika kimoja kifuani kwa plasta. Anasema na yeye ni B. Nikamwambia ni kweli, lakini si Aasen. Akasema, "Hapana asante."

Sisi hatujambo. Duane amepata kazi ya kudumu na wilaya, tunamshukuru Mungu, ila bima yake inaanza Juni. Poleni na mvua, au hongereni, sijui.

Wiki iliyopita nilikwenda posta kila siku nikitoka shuleni. Elroy wa posta alikuwa ananitikisia kichwa kupitia dirishani ili nisihangaike kushuka garini. Tarehe nne hakutikisa. Alinyanyua mkono kuniita, nikakimbia bila kuzima gari, Britta ndani. Yalikuwa machungwa yako.

Ni matamu. Bibi amekula matatu jana.

LaVonne alingoja mpaka ofisi za kampuni zilipofungwa siku ile, ndipo akanipigia. Anasema si mwisho kabisa. Hali ya mzee ikibadilika mtu anaweza kudai upya baada ya miezi sita, hata akiwa kule, na wakikubali anaweza kurudi nyumbani. Nimeandika tarehe ukutani. Duane anasema nijitayarishe, wakishaingia kule hawarudi. Mimi nasema Bibi hajawahi kufanya kama wengine. Chumba chake sitakigusa, kitanda nitakiacha kimetandikwa.

Jambo moja ni la kukuambia kabla hatujampeleka leo. Jana nikimfunga vifungo aliniuliza nani ameamua aende Devils Lake. Jina nilikuwa nalo mdomoni, Shangazi. Sitakudanganya, nililishika pale kwa muda, na lilikuwa tamu. Halafu nikasema daktari. Akatikisa kichwa, akafikiri, akanishika kidevu kama mimi ndiye Britta. Akasema, "Basi usimwambie Ardis. Akipiga mwambie sijambo. Atahangaika bure, na yuko mbali."

Nikamwambia kwamba wewe, Shangazi, hujui lolote.

Kwa hiyo ukimpigia kule, jifanye hujui. Ndivyo anavyotaka. Mimi nimemaliza kujifanya. Mwezi wa tisa muuguzi akija nitamfuata nje kabla hajazima gari, nitamwambia yote, hata Bibi akinitazama kwa jicho lile, hata akilia. Na wewe wakikupigia tena, nakuomba kwa roho ya Baba, sikuombi tena sahihi, wala sikuombi uje, naomba tu kwamba ukiinua simu uwaambie

Duane ananiita, gari limeshapata moto na Bibi ameshika mlango hataki ku